Kwa nini moyo wa karata unaitwa kopa

Jioni moja, barazani kwa jirani yetu, wazee wanne walikuwa mkekani wakicheza karata. Mmoja akaitupa yake chini kwa kishindo: "Kopa!" Mjukuu wake, mtoto wa miaka tisa hivi aliyechuchumaa nyuma yake, akainama kuitazama ile karata nyekundu, akauliza, "Babu, huo si moyo? Mbona unauita kopa?" Babu akampa jibu tulilopewa sote utotoni: "Ndivyo inavyoitwa." Mchezo ukaendelea, lakini swali la mtoto lilinikaa kichwani mpaka nikaingia ndani kulala.

Mtoto aliona sawasawa. Kopa si moyo. Ni neno la Kireno, copas, na maana yake ni vikombe. Karata za kale za Wareno hazikuwa na moyo wala almasi. Zilikuwa na vikombe, sarafu za dhahabu, panga na magongo: copas, ouros, espadas, paus. Sasa tamka majina ya karata kama wanavyoyatamka wazee wa Unguja, Lamu au Tanga: kopa, uru, shupaza, pau. Hata turufu, ile karata inayokula nyingine zote, ni trunfo ya Kireno. Baadaye karata zenye picha za Kifaransa zilienea duniani na moyo ukachukua nafasi ya kikombe. Wareno wakapokea picha mpya, majina wakayaacha yalivyokuwa. Kwa hiyo mchezaji wa Lisbon na mchezaji wa Ng'ambo, Unguja, wanafanya jambo lile lile: wanatazama moyo, wanasema kikombe.

Hizi ndizo habari tunazozipitisha kama "je, wajua?" kwenye simu. Mtu anasoma, anashangaa, anamtumia mwenzake, kesho amesahau. Mimi naona tunazipunja. Habari ya kushangaza ni nusu tu ya kitu, na nusu iliyobaki iko kwenye swali la pili: ilifikaje hapa, na nani aliileta? Tukiishia kwenye mshangao tunakuwa kama mtu aliyefunguliwa mlango akasifia kitasa, kisha akaondoka bila kuingia.

Basi tuingie. Wareno walifika pwani yetu 1498, wakaanza kujenga Ngome ya Yesu, Mombasa, 1593, wakang'olewa humo na Waomani 1698 baada ya kuzingirwa karibu miaka mitatu. Karne mbili za mizinga. Wametuachia maneno gani? Meza. Leso. Foronya. Bendera. Mvinyo. Nanasi. Pera. Karata. Tafuta katika orodha hiyo neno la mahakama, la sheria, la utawala, hulioni. Hakimu, sheria, liwali na wakili tumevipata kwa Waarabu, na mfalme ni wetu wenyewe wa Kibantu. Watu waliotamba baharini kwa bunduki hawakupenya kwenye mambo yetu mazito. Walisikika mezani, kitandani na mchezoni. Wala mabaharia hawakuwa mlango pekee. Karne ya 19 walikuja Wagoa, watu wa koloni la Wareno huko India, wakawa makarani, wapishi na washonaji wa Unguja na Mombasa, na Kireno kilikuwa midomoni mwao. Ukiitazama orodha ya maneno ya mkopo kama unavyotazama vitu vilivyosahaulika nyumbani na mgeni aliyeondoka, unajua aliketi chumba gani.

Limo moja tu lenye uzito wa dola ndani ya orodha hiyo, nalo limepita njia ya ajabu kuliko yote. Ni gereza.

Ukipanda mwendokasi Dar es Salaam utafika kituo kinachoitwa Gerezani, pembeni mwa Kariakoo. Abiria wanateremka na mizigo yao, kila mmoja na shughuli yake, na hakuna anayefikiri kwamba ametaja kanisa. Maana gereza ni igreja, kanisa kwa Kireno. Kiswahili hakipendi konsonanti zibanane, kikaliondolea neno irabu ya mwanzo, kikachomeka e katikati, sauti ya j ya Kireno ikalainika kuwa z. Hayo ya matamshi ni mepesi. Kizito ni maana: kanisa limegeukaje jela?

Jibu limesimama Mji Mkongwe, Unguja, mbele ya Forodhani, kwa mawe yake. Ngome Kongwe ilijengwa na Waomani baada ya kuwafukuza Wareno, na waliijenga mahali palipokuwa na kanisa la Wareno. Ukiingia uani, vipande vya jengo lile la kale vimo bado ukutani. Watu wa mji walipaita mahali pale kwa jina la kilichokuwapo, gereza. Kanisa likaisha, ngome ikachukua jina. Kisha ngome ikatumika kufungia watu katika karne ya 19, jina likabaki likimaanisha mahali pa kufungia watu. Neno halikutoka mahali pake hata hatua moja. Kilichobadilika ni kazi ya jengo, na neno likafuata kazi. Mombasa nayo ilikwenda njia hiyo hiyo: ndani ya Ngome ya Yesu mlikuwa na kanisa, na Waingereza waliigeuza ngome nzima kuwa jela kuanzia 1895 hadi 1958. Leo Ngome Kongwe inajaa wapenzi wa muziki kila tamasha la Sauti za Busara linapofika, na Ngome ya Yesu ni makumbusho na urithi wa dunia tangu 2011. Neno halijazifuata ngome hizo huko. Limebaki na wafungwa.

Na Zanzibar wameendelea kulifanyia kazi jambo hili kwa namna yao. Bara tuna Jeshi la Magereza. Visiwani, jina rasmi la taasisi hiyo ni Chuo cha Mafunzo. Chuo, neno ambalo kwa watu wa pwani lilikuwa mahali pa mtoto kusomea Kurani kabla halijawa la shahada. Kanisa likawa jela, jela ikaitwa chuo. Ukimweleza mtu hayo kwa mstari mmoja atacheka. Ukimweleza kwa kituo, amesikia habari za Wareno, Waomani, Waingereza na serikali ya Mapinduzi ndani ya dakika tano, na hakuna hata mmoja wao aliyelazimika kukaririwa kama somo.

Nije kwenye neno ninalolitamka mara nyingi kuliko jina langu: hela.

Wengi wanajua kwamba limetoka kwa Wajerumani. Huo ni mshangao wa kwanza, na wengi huishia hapo. Lakini chukua sarafu yenyewe. Ile ya hela 20 iliyopigwa Tabora 1916 ina taji upande mmoja, mwaka, na herufi D.O.A., ufupisho wa Afrika Mashariki ya Kijerumani, na chini yake T ya Tabora. Upande wa pili, katikati ya shada la majani, imeandikwa 20 HELLER. Ilipigwa wakati wa vita, kwenye karakana ya reli, kwa sababu meli za Waingereza zilikuwa zimefunga njia ya bahari na koloni lilikuwa limeishiwa sarafu. Karakana hiyo hiyo ilipiga pia sarafu za dhahabu za rupia 15 zenye picha ya tembo na mlima nyuma yake, kwa dhahabu ya mgodi wa Sekenke. Septemba mwaka ule ule Wabelgiji waliingia Tabora na kazi ikaisha.

Sasa Heller ni nini? Ni jina la mji. Zama za kati kulikuwa na senti ndogo iliyopigwa mji wa Hall, kusini mwa Ujerumani, ambao sasa unaitwa Schwäbisch Hall. Senti ya Hall, Haller, ikawa Heller. Kinachonivutia zaidi ni kwamba wakati Wajerumani wanaileta kwetu 1904, kwao walikuwa wameshaiacha. Kwao walitumia mark na pfennig. Koloni lilipewa jina la sarafu ya kale, jina likapotea katika matumizi ya kila siku kule lilikozaliwa, likanawiri Mbeya na Mwanza. Na dola, sarafu inayoogopwa kuliko zote, ni ndugu yake kabisa: ilitokana na thaler, kifupi cha Joachimsthaler, sarafu ya mji wa Joachimsthal, ambao leo uko Jamhuri ya Cheki. Anayebadilisha dola apate hela anabadilisha mji mmoja kwa mwingine.

Kuna jambo la pili hapo, nalo naliona kubwa kuliko la kwanza. Kabla ya 1904 rupia moja ya koloni ilikuwa na pesa 64. Pesa ni paisa ya Wahindi, nayo ilikuwa sarafu ndogo kabisa. Baada ya 1904 rupia moja ikawa na hela 100, na hela nayo ikawa sarafu ndogo. Maneno yetu mawili makuu ya utajiri, pesa na hela, yote yalikuwa majina ya chenji. Kwa nini yashinde hayo, rupia yenyewe ibaki vitabuni? Naamini ni kwa sababu rupia haikukaa mikononi mwa watu wa kawaida. Ilipatikana kwa kutoa jasho na ikaondoka kwenda kulipia kodi ya kibanda, ambayo Wajerumani waliianza 1898. Kilichobaki kwenye pindo la kanga na kwenye fundo la kikoi ni pesa na hela. Watu waliipa fedha jina la ile waliyoishika.

Hela haikuvuka mpaka. Mkenya atakuelewa, ila mwenyewe anasema pesa. Lakini shule, nayo ya Kijerumani, ilivuka, na Kenya iliyotawaliwa na Mwingereza tangu mwanzo inaitumia bila wasiwasi, huku Zanzibar, iliyokuwa chini ya Mwingereza huyo huyo, ikisema skuli. Tofauti ni chombo kilichobeba neno. Hela ilisafiri kwa midomo ya sokoni, na soko la shilingi lilipoanza upande wa pili hapakuwa na haja nayo. Shule ilisafiri kwa vitabu. Kamati ya Lugha ilipoanzishwa 1930 kusanifisha Kiswahili kwa nchi nne, vitabu vilivyotumika madarasani vilipita kwenye mkono mmoja, na neno lililoingia kitabuni liliingia kila darasa. Lahaja ya usanifu ilichaguliwa ya Unguja, na bado Unguja wamebaki na skuli yao. Hapo utaona kwamba hata waliotoa kiolezo hawakulazimika kukifuata.

Naomba niseme wazi jambo linaloniuma. Kwa kila habari ya kweli ya namna hii, tunasambaza mbili za kutunga, na za kutunga ndizo zenye miguu mepesi. Maarufu kuliko zote ni ile ya jina la Dar es Salaam kuwa "bandari ya salama". Limeandikwa mpaka kwenye madaftari ya wanafunzi. Lakini neno ni dar, na dar kwa Kiarabu ni nyumba, makazi. Dar as-salam, makazi ya amani, imo katika Kurani, Surat Al-An'am aya ya 127. Sultani Majid wa Zanzibar alipoanza kujenga mji wake kwenye kijiji cha Mzizima miaka ya 1860 hakuhitaji kuunganisha bandari na salama. Alikuwa na jina lililokwisha kuwa tamu masikioni mwa kila Mwislamu. Tunapolifanya bandari, tunamnyima Majid kile alichokikusudia, na tunajinyima wenyewe uzuri wa jina la mji wetu.

Nyingine ni ya machinga. Nimeambiwa mara nyingi, na watu wazima wenye elimu yao, kwamba ni maneno ya Kiingereza yenye maana ya vijana wanaotembea, yaliyogandana. Wamachinga wapo. Ni watu wa Lindi, wana nchi yao na lugha yao ya ukoo mmoja na Kimwera, Kimakonde na Kiyao. Vijana wa kusini walikuja Dar es Salaam wakibeba bidhaa mabegani, wakaitwa kwa walikotoka, na jina la watu likawa jina la kazi. Ona hasara ya ile hadithi ya uongo: inalifuta kabila zima na kuliwekea Kiingereza badala yake. Vivyo hivyo wanaosema Swahili ni "siwa hili", wakati sawahil ya Kiarabu, yaani pwani nyingi, iko wazi na imetajwa na wasafiri wa karne nyingi.

Namna ya kupima si ngumu. Uliza kama kuna kitu cha kushika. Hela ina sarafu. Gereza lina ukuta. Jenga, ule mchezo wa vipande vya mbao unaochezwa duniani kote, una mwenyewe: Leslie Scott, Mwingereza aliyekulia Afrika na kukijua Kiswahili tangu utotoni, aliutambulisha London 1983 na kueleza kwa kinywa chake kwamba jina ni kitenzi chetu, kujenga. Ila "bandari ya salama" haina cha kushika isipokuwa kufanana kwa sauti, na sauti mbili zinaweza kufanana bila kuwahi kuonana.

Kuna aina ya tatu, ambayo ni ya kweli kila neno na bado inadanganya. Ni ile ya vita vifupi kuliko vyote duniani. Unaijua. Kila orodha ya maajabu inayo, kwa kila lugha: Uingereza na Zanzibar, 27 Agosti 1896, dakika 38. Watu husoma na kutabasamu. Mimi sijawahi kuweza kutabasamu, na nitaeleza kwa nini.

Sultani Hamad bin Thuwaini alifariki tarehe 25 Agosti. Binamu yake Khalid bin Barghash, kijana wa kama miaka ishirini na ushee, akaingia kasri la Beit al-Hukm na kukalia kiti bila idhini ya Waingereza, ambao tangu 1890 walikuwa wameifanya Zanzibar nchi iliyo chini ya ulinzi wao na walikuwa na mtu wao tayari, Hamoud bin Mohammed. Wakampa Khalid hadi saa tatu asubuhi ya tarehe 27. Ndani ya kasri na kuzunguka kwake walikuwamo karibu watu 3,000: askari, watumishi, watumwa, watu wa kawaida waliojitokeza kumtetea. Jengo sehemu kubwa lilikuwa la mbao. Bandarini zilisimama manowari tano za Waingereza. Saa tatu na dakika mbili zikaanza kupiga. Meli ya sultani, Glasgow, ilijibu, ikazamishwa hapo bandarini. Ilipofika kama saa tatu na dakika arobaini bendera ilikuwa imeangushwa. Upande wa Khalid, waliouawa na kujeruhiwa walikuwa kama 500. Upande wa pili alijeruhiwa baharia mmoja.

Weka namba hizo pamoja uzipige: watu 500 kwa dakika 38 ni watu 13 kila dakika. Hiyo si vita fupi. Ni mauaji ya haraka. Neno "fupi" ndilo linalofanya kazi yote ya kudanganya, kwa sababu linatazama saa ya mpiga mzinga. Kwa mtu aliyekuwa chini ya boriti inayowaka, hakukuwa na ufupi wowote. Na manowari, neno tunalolitumia bila kufikiri, ni Kiingereza kilichoingia midomoni mwetu kupitia bandari ile ile, na watu wa Unguja walilijua vizuri kabla ya asubuhi hiyo. Baada ya asubuhi hiyo walilijua zaidi. Milingoti ya Glasgow ilibaki imechomoza majini mbele ya mji kwa zaidi ya miaka kumi, na kila aliyekwenda Forodhani aliiona.

Orodha za maajabu huishia bendera inapoangushwa, Khalid akabaki mtu wa dakika 38. Lakini aliishi miaka 31 zaidi. Alikimbilia ubalozi mdogo wa Wajerumani, akakaa humo wiki kadhaa, hadi tarehe 2 Oktoba maji yalipojaa na mashua ya manowari ya Kijerumani ikasogea mpaka bustanini, akapanda bila mguu wake kukanyaga ardhi ambayo Waingereza wangeweza kumkamatia. Akaishi Dar es Salaam, mji ulioanzishwa na ami yake Majid, chini ya serikali iliyolipa kwa rupia na hela. Vita Kuu vilipofika Waingereza wakamkamata, wakampeleka Shelisheli na St. Helena. Mwishoni wakamruhusu kurudi Afrika Mashariki, ila si Unguja. Alifariki Mombasa 1927, na mwaka huo Ngome ya Yesu ilikuwa bado imejaa wafungwa.